Mkataba wa Kutoitwa Ubaoni

Dalton Voorhees alibisha kwenye ofisi ya Profesa Lorene Kubicek akiwa na karata moja tu mkononi, na alikusudia kuicheza kabla miguu haijamgeuza. Ilikuwa wiki ya pili ya muhula ambao chuoni huitwa wa machipuko, ingawa huko Iowa jina hilo ni la mdomoni tu. Theluji ilikuwa imefunika viti vya nje, na bomba la joto lilikuwa likigonga ukutani kama mtu anayedai kufunguliwa.

Karata yenyewe ilikuwa hii. Kozi ya Uchambuzi, ambayo ndiyo mwiba wa shahada nzima ya hesabu, ilikuwa na wanafunzi wanane. Mkuu wa taaluma alikwisha kutangaza kwamba kozi ya juu isiyofikisha wanane itafutwa, na walimu wake watafutiwa kazi ya maana zaidi. Mwisho wa kujitoa ulikuwa Ijumaa. Tamsin Okerlund, aliyekaa naye meza moja tangu mwaka wa kwanza, alimweleza hayo bwaloni akiwa anachovya mkate wa mdalasini kwenye bakuli la maharage ya pilipili, kama watu wa kule wanavyopenda. "Ukijitoa wewe, tumezikwa sote," alimwambia. "Kwa hiyo kama unataka kufa, kafie kozi nyingine."

Dalton akamwambia profesa kwamba anafikiria kujitoa. Mama huyo hakuinua macho kwenye karatasi alizokuwa akisahihisha. Aliuliza kwa nini. Dalton akasema ni ubao. Hakueleza zaidi, na hakuulizwa, kwa sababu idara nzima ilijua habari yake.

"Unataka nini ili ubaki?" Kubicek akauliza.

"Usiniite ubaoni. Kazi zote nitaandika, nitaleta kwa wakati. Ila usiniite."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ninyooshe mkono mwenyewe."

Profesa akaweka kalamu chini, akamtazama kama mnunuzi anayekagua meno ya farasi. "Sawa. Lakini hukosi darasa hata moja." Akanyoosha mkono, wakashikana.

Dalton alipotoka alitarajia kufurahi, na haikuwa hivyo. Mtu akitaja bei na mwenziwe akaikubali hapo hapo bila kukohoa, hurudi nyumbani akijiuliza ni wapi alipopunjika. Aliteremka ngazi kama kwamba hakuna kilichoamuliwa.

Ukweli ambao hakuutoa mezani ni kwamba hakuwa na pa kwenda. Shule ya sekondari ya kwao, mji mdogo wa wafuga nguruwe upande wa kaskazini magharibi, ilikuwa imemwahidi nafasi ya kufundisha hesabu pindi tu atakapomaliza. Mwalimu mzee aliyekuwepo alikuwa anasubiri yeye tu ili astaafu. Lakini walitaka shahada ya hesabu, na shahada ya hesabu haipatikani bila Uchambuzi. Baba yake alikuwa ameuza nguruwe wote na kwenda kuajiriwa kiwandani. Pale nyumbani hapakuwa na kitu cha kurudia ila hiyo nafasi. Dalton alikuwa ametishia kuuza asichoweza kukiuza.

Na Kubicek naye alikuwa na yake. Alikuwa binti wa mchuuzi wa matrekta makuukuu, Mcheki mwenye maneno machache, na alijisomesha kwa kuuza vipuri kaunta ya baba yake. Wenzake walikuwa wamekubali mmoja mmoja kufundisha takwimu kwa wanafunzi wa biashara, madarasa yanayojaa mpaka mlangoni. Yeye alikuwa ameishikilia Uchambuzi kama mtu anavyoshikilia kiwanja cha marehemu. Alihitaji vichwa vinane. Cha nane kilikuwa kimeingia ofisini mwake kikitetemeka, na kikataja bei.

Darasa la Kubicek halikuwa na kitabu. Aligawa karatasi zenye madai tu, na kila dai wanafunzi walipaswa kulithibitisha wenyewe bila kusoma popote wala kuulizana. Siku ya darasa anaitwa mmoja, anashika chaki, anathibitisha mbele ya wenzake, na profesa anakaa kiti cha nyuma kabisa. Mwenye chaki akimaliza na akawa sahihi, wote wanasema asante, anakaa. Akiwa amekosea, hakuna anayesema kitu. Hakuna kuonyeshwa kosa, hakuna dokezo, hakuna kukohoa kwa kusaidia. Wanakaa kimya mpaka alione mwenyewe. Ndio uliokuwa utaratibu wa idara tangu enzi za mwalimu aliyemfundisha Kubicek mwenyewe, na wahitimu wao walijivunia kama askari wanavyojivunia makovu.

Kimya hicho ndicho kilichomwonea Dalton. Mwaka wa pili, kwenye kozi nyingine, aliandika uthibitisho, akageuka kusubiri asante, na asante haikuja. Alisoma mistari yake, akaona yote ni mizuri. Akasoma tena. Watu waliendelea kumtazama kwa adabu. Jasho jembamba likamshuka mgongoni, herufi zikaanza kuelea, na mwishowe akainamia pipa la taka, akatapika mbele ya darasa. Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangecheka. Tangu hapo akiiona chaki hukauka mate.

Basi mkataba ukaheshimiwa. Kubicek aliita majina, na jina la Dalton alilipita kama jiwe la njiani. Kijana aliandika kazi zake kwa mkono mzuri, akarudishiwa zikiwa na alama za juu. Kwa karatasi alikuwa miongoni mwa wazuri. Lakini hofu haikupungua kama alivyopanga. Ilikua. Kila profesa alipofungua mdomo kutaja jina, moyo wake ulidunda kana kwamba hapakuwa na makubaliano, na likitajwa la mwingine alipata nafuu yenye aibu ndani yake. Wenzake walisimama, wakakosea, wakavumilia kimya cha dakika nyingi, wakajirekebisha. Polepole kimya kile kikawa kwao kama baridi ya nje, kitu cha kuvalia koti tu. Kwa Dalton kilibaki kama kilivyokuwa mwaka wa pili. Tamsin alimwita Mheshimiwa Mtazamaji. Alimuuliza kama angependa aletewe bisi.

Baada ya likizo ya Machi, theluji ilipogeuka matope, Kubicek aliingia darasani na tangazo. Kila mwaka wanaomaliza hesabu huchagua mtihani wa mwisho wa kuandika au wa kuhojiwa. Mwaka huu hapatakuwa na kuchagua. Mkuu wa taaluma amemwalika mtahini wa nje kuikagua idara, na mtahini ametaka kuwaona wanafunzi wakiwa wamesimama. Wote watahojiwa ubaoni, mmoja mmoja. Asiyefaulu hatahitimu.

Dalton hakusikia kilichofuata. Alikuwa akitazama mikono yake mezani na kushangaa kwamba ni yake. Darasa lilipokwisha alimfuata profesa mpaka ofisini bila kubisha, akaomba mtihani wa kuandika. Kubicek akasema haiwezekani. Akaomba iandikwe kwamba ni mgonjwa. Kubicek, aliyejua kwamba kijana anataka ualimu, akamuuliza ni ugonjwa gani, na kama utapona kabla hajasimama mbele ya watoto thelathini wa sekondari wanaorusha vifutio.

"Umeniuza," Dalton akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ulijua nikikaa pale nyuma muhula mzima nitaharibika zaidi. Ulijua, na ukanipa mkono."

"Nilijua."

"Basi kwa nini ulikubali?"

"Kwa sababu nilihitaji wa nane, na wewe ulikuwa unatoka. Uliniomba nisikuite. Hukuniuliza kama ni dawa au ni sumu. Ungeniuliza, ningekwambia."

Alilisema hilo bila kuinua sauti, kama mtu anayesoma lebo ya kopo. Dalton alitaka kumuumiza na hakuwa na silaha nyingine ila ukweli, akautoa. Akamwambia kwamba hakuwa anatoka. Hakuwa na mahali pa kutokea. Kule kwao wanataka shahada ya hesabu, au hawamtaki kabisa.

Kubicek akacheka kidogo puani, cheko lisilo na furaha. "Baba yangu angenifukuza dukani," akasema. "Nimelipia kitu ambacho hakikuwa sokoni." Akageuza kiti, akamwambia kwamba chumba kikubwa cha ghorofa ya pili hakina watu mchana baada ya chakula. Atakuwepo kila siku, kiti cha nyuma. Hatasema kitu. Dalton aje au asije, ni juu yake.

Alikuja. Siku ya kwanza hakuweza kuandika hata mstari, alisimama tu huku chaki ikimlowa mkononi, na Kubicek akala tufaha lake mpaka kwenye kokwa. Siku zilizofuata aliandika. Alikosea, kimya kikaanguka, na mwili wake ukafanya yale yale ya zamani. Mara mbili alitoka nje mbio. Alirudi kwa sababu mlango wa nje ulielekea kwenye matope na barabara ya kwao, na kwao hakukuwa na kazi. Hakuwa amepona. Alichojifunza ni kwamba hofu ikifika kileleni hukaa pale pale, haiendelei kupanda, na mtu anaweza kusoma mstari mmoja akiwa humo ndani.

Mtahini wa nje alifika Mei, nyasi zikiwa zimekatwa na madirisha yamefunguliwa. Aliitwa Harlan Whitcomb, mzee mwembamba kutoka chuo cha ng'ambo ya mto Mississippi, mpole kiasi cha kutisha. Chumbani walikuwa yeye na Kubicek. Dalton aliingia baada ya Tamsin, ambaye alitoka akijipepea na karatasi na kumnong'oneza kwamba mzee hana meno lakini anatafuna.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi, akalijibu kwa sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka. Akasikia asante. Ndipo Whitcomb akamuuliza la pili.

Jambo lenyewe huweza kuelezwa hivi. Una mkunjo usiokatika popote. Mpinzani wako anakutajia kosa dogo analokubali kulivumilia, nawe unamjibu akae karibu kiasi gani ili kosa lisizidi hapo. Ukisimama mahali pamoja, jibu hupatikana. Ukihamia pengine, huenda ukalazimika kutaja ukaribu mwingine, mdogo zaidi. Whitcomb alitaka athibitishe kwamba juu ya kipande cha mstari chenye ncha zote mbili zilizofungwa, yaani ncha zenyewe zimo ndani yake, upo ukaribu mmoja unaotosha kila mahali kwa mara moja.

Dalton alilijua dai hilo. Lilikuwa la mwisho kwenye karatasi za Aprili, ambalo darasa halikulifikia, na yeye aliliona jepesi. Akaandika haraka, akitaka amalize kabla hofu haijamkuta, na mwisho akachora kile kimraba kidogo cha kuonyesha kwamba kazi imekwisha. Akageuka.

Hakuna aliyesema asante.

Nje mtu alikuwa akiendesha mashine ya kukata nyasi. Ikazimwa. Dalton akageukia ubao, akasoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na yote ilikuwa sawa. Akasoma tena, na yote ilikuwa sawa. Akatazama lilipo pipa la taka, akaliona karibu na mlango, akapima umbali. Kisha akamtazama Kubicek, jambo ambalo alikuwa amejiapiza asilifanye.

Profesa alikuwa amekikamata kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, na vidole vilikuwa vimebadilika rangi. Alikuwa anaogopa. Mama yule aliyekula tufaha mbele ya kimya kila mchana alikuwa anaogopa kama yeye. Mgonjwa akiona mkono wa daktari unatetemeka hana tena pa kutazama, na yeye hakuwa na pa kutazama isipokuwa ubaoni.

Akasoma mstari wa tatu peke yake. Akausoma neno kwa neno. Alikuwa ameandika: chukua mahali popote, kisha chagua ukaribu unaofaa. Chukua kwanza, kisha chagua. Alikuwa amemtazama mteja usoni ndipo akataja bei, kisha akadai kwamba hiyo ni bei moja kwa watu wote. Kila mstari uliofuata ulikuwa sahihi, na yote ilisimama juu ya hewa.

"Hapa," akasema. "Huu ukaribu nimeuchagua baada ya kuona mahali. Kwa hiyo unategemea mahali. Sijathibitisha kitu." Akafuta kwa kiganja, kwani kifutio kilikuwa mbali.

"Na sasa?" Whitcomb akauliza.

"Sasa sijui kuurekebisha. Najua tu ulipovunjikia."

"Basi nionyeshe mahali ambapo unavunjika kweli."

Hilo aliliweza. Akachora mkunjo wa moja gawanya kwa x, kipande kikiwa kimeachwa wazi upande wa sifuri, na akaonyesha jinsi ukaribu unavyozidi kunyauka kadiri unavyosogea kule, mpaka hakuna uliobaki wa kutosha kila mahali. Mzee akamuuliza kwa nini balaa hilo haliwezi kutokea ncha ikifungwa. Dalton akaanza: kama lingetokea, mahali pabaya pangekuwa pengi, na pangekusanyika pahala fulani, na hapo pahala pamo ndani ya kipande. Mzee akasema endelea. Dalton akaendelea kusimama. Alijua kwamba hatua iliyobaki ipo, aliisikia kama mtu nyuma ya mlango, na hakuweza kuifungulia.

"Siwezi kuendelea," akasema.

Whitcomb akaandika kitu. Kisha, kwa upole ule ule, akauliza swali ambalo halikuwa la hesabu. Alitaka kujua kijana amesimama ubaoni mara ngapi muhula huu, maana anaona mkono unaandika vizuri lakini mwili kama wa mgeni.

Dalton alielewa papo hapo mzee anachokigusa. Idara iliyojisifu kwa ubao, yenye kozi moja ya kuwaonyesha wakubwa, na ndani yake mwanafunzi aliyefichwa. Uongo ulikuwa umeshamfika ulimini, nambari nzuri ya wastani. Akafungua mdomo.

"Darasani hakusimama hata siku moja," Kubicek akasema. "Kwa ruhusa yangu. Aliomba, nikakubali, ili nisipoteze kozi."

"Ahaa," Whitcomb akasema, akaandika tena. Kisha akamwambia Dalton asante. Kijana hakujua kama ilikuwa ile asante ya utaratibu au ni ya kumwonyesha mlango.

Tamsin alikuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi, mgongo ukutani. "Umetapika?"

"Bado."

Akasogea, Dalton akakaa. Mikono ilikuwa imejaa chaki mpaka kwenye viwiko. Walikaa hapo mpaka Kubicek alipotoka kubandika matokeo mlangoni kwa gundi ya karatasi, akapita bila kuwatazama. Tamsin alikuwa amefaulu kwa heshima. Dalton alikuwa amefaulu, neno hilo tu, bila pambo. Alilisoma mara nyingi, akitafuta kosa.

Taarifa ya Whitcomb ilikuwa ya haki, na haki haikumsaidia mtu. Aliwasifu wanafunzi kwa kutodanganya ubaoni. Aliandika pia kwamba mmoja wao alivushwa kozi nzima bila kusimama, na kwamba idara inayoweza kufanya hivyo haina budi kueleza kwa nini kozi hiyo isifundishwe kwa njia iliyo nafuu. Mkuu wa taaluma aliuchukua mstari huo mmoja, akauacha ukurasa uliobaki. Uchambuzi ukaondolewa kwenye ratiba ya mwaka uliofuata, na baadaye haukurudi. Atakayeutaka akachukue chuo kingine, au kupitia kompyuta.

Siku ya mahafali, mama yake Dalton alitandaza shuka kwenye nyasi na kugawa mikate yenye nyama ya nguruwe na haradali. Kubicek alipita na joho lake, akapewa mmoja, akala amesimama. Dalton alijaribu kusema jambo kuhusu ile siku ya mtihani, kwamba profesa angeweza kunyamaza na yeye Dalton angesema nambari yoyote.

"Najua ungesema," Kubicek akajibu. "Ungeisema vibaya. Ungetushusha sote wawili." Akamaliza mkate, akamshukuru mama kwa haradali, akaenda.

Agosti ilipofika, Dalton alikuwa na darasa lake, ufunguo wake, na jina lake mlangoni. Asubuhi ya kwanza aliandika tarehe ubaoni, na chaki ikamkatikia mara mbili, mpaka msichana wa mbele akauliza kama mwalimu anaumwa. Akasema hapana. Hatua iliyobaki ya ule uthibitisho hajaipata hadi leo. Huwa anaitafuta jioni baada ya kula, na kwa kuwa ameapa kutofungua kitabu, huenda asiipate. Kubicek, kule chuoni, alianza muhula na madarasa matatu ya takwimu kwa watu wa biashara, watu mia na zaidi, kila mmoja akiwa na kitabu chake, na hapana hata mmoja aliyetakiwa kusimama.